Ile herufi f inapotelea wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko mwaka wa pili, tunajifunza asembli (lugha ya kuandika amri za prosesa moja moja) ya MIPS, aina ya prosesa, kwa simuleta. Nimeweka 5 kwenye rejista (kijichumba cha namba ndani ya prosesa) $t0, nikaandika mtc1 $t0, $f4 kuipeleka $f4, nikaprinti $f4 kama floti, yaani namba yenye desimali, ikanitolea 7.006E-45 badala ya 5.0. Nimerudia mpaka nimechoka. Halafu kingine, nikifungua amri kwa bainari naona $f8 ni 01000 na $t0 nayo ni 01000, sasa prosesa inajuaje nimemaanisha ipi? (Msomaji, ameomba jina lisitajwe)

JIBU: Salama kabisa. Naanza na la pili maana la kwanza limejificha humo humo.

Umeona sawasawa, ile f haipo popote ndani ya amri. Ipo kwenye maandishi yako tu, asembla, programu inayogeuza maandishi hayo kuwa biti, akishaisoma anaitupa, kinachobaki ni namba ya rejista, biti 5, sifuri mpaka 31. Upande wa namba kamili kuna rejista 32, upande wa floti kuna 32 nyingine, na zote zinaitwa kwa namba zile zile, kama nyumba mbili zenye vyumba vilivyoandikwa 1, 2, 3, ukisema "chumba namba 8" bado hujasema nyumba gani. Nyumba inasemwa na opkodi, namba inayotambulisha amri, yaani biti 6 za mwanzo.

Tazama hizi mbili, zote za kupakia namba kutoka kwenye kumbukumbu. lw $a0, 0($t1) kwa heksa (namba za msingi wa 16) ni 8D240000. lwc1 $f4, 0($t1) ni C5240000. Ile 240000 haijaguswa kabisa, $a0 ni rejista namba 4 na $f4 ni namba 4, kilichobadilika ni opkodi tu, kutoka 100011 kwenda 110001. Na utaona humo humo lwc1 inagusa nyumba zote mbili, anwani inaichukua kwa $t1 ambayo ni rejista ya kawaida halafu mzigo inaushusha kwenye floti, kwa hiyo usije ukadhani amri ya floti maana yake kila namba iliyomo ni ya floti.

Hesabu zenyewe nyingi zinapita mlango mmoja, opkodi 010001, inayoitwa COP1, koprosesa (prosesa msaidizi) namba moja. Jina limebaki tangu enzi ambazo kitengo cha floti kilikuwa chipu ya pembeni kweli, prosesa ya MIPS R2000 ilikuwa na mwenzake R2010, mpaka ilipokuja R4000 mwaka 1991 vikakaa kwenye chipu moja. Chukua add.s $f2, $f4, $f6, yaani jumlisha $f4 na $f6, jibu weka $f2:

010001 10000 00110 00100 00010 000000

Hiyo ni 46062080. Kundi la pili, 10000, linasema ni singo (floti ya biti 32), ukiweka 10001 inakuwa dabo (ya biti 64) na heksa yako inageuka 46262080. Linalofuata ni 6, halafu 4, halafu 2, yaani ile rejista ya kupokea jibu uliyoiandika mwanzo imekuja kukaa mwisho, ndiyo maana watu wanaosoma heksa kwa macho wanachanganyikiwa. Sifuri sita za mwisho ndiyo kujumlisha, zingekuwa 000001 ingekuwa kutoa.

Sasa mtc1 yako. Nayo inapita mlango huo huo wa COP1, ila kundi la pili ni 00100, lenye maana ya "hamisha kwenda kule", na mfc1 ya kurudisha ni 00000. Ya kwako inatoka 44882000, yaani 8 ($t0) halafu 4 ($f4), na hapa lazima uzoee kwamba mzigo unatoka kushoto kwenda kulia, tofauti na add, mimi mwenyewe iliwahi kunila jioni nzima hiyo. Hebu tafuta ndani ya hizo biti 32 mahali palipoandikwa "geuza 5 iwe 5.0". Hakuna! Imebeba biti zilivyo ikazimwaga, na biti za namba kamili 5 zikisomwa kifloti ni 5 mara 2 kwa kipeo cha -149, ndiyo hiyo 7.006E-45 yako. Simuleta haijakosea. Ongeza mstari mmoja chini yake, cvt.s.w $f4, $f4, ambayo ni 46802120, ndiyo inayogeuza, kundi lake la pili ni 10100 kumwambia kitengo cha floti kwamba kilichomo saa hizi ni namba kamili.

SWALI: Kwa nini add.d $f3, $f4, $f6 inakataa wakati nafasi ya namba ni biti 5 na 3 inaingia vizuri tu?

JIBU: Inaingia ndiyo, ila haina maana. Kwenye mpangilio wa zamani wa MIPS kila rejista ya floti ni biti 32, dabo ni biti 64, kwa hiyo inakaa kwenye mbili, $f2 inabeba nusu ya chini na $f3 nusu ya juu, ukizitaja unataja ile ya shufwa tu. Biti ya mwisho ya namba ya rejista inakuwa sifuri siku zote, imepotea bure ukitaka kusema hivyo, na dabo zako zinabaki 16. MIPS za baadaye zina modi ya rejista 32 zenye biti 64 kila moja na hapo $f3 inapita. Kama simuleta yako inafuata ile ya zamani, badilisha iwe $f2 au $f8 uendelee na kazi.