Kivuli kiwe nje ya kioo
Dada, umeuliza kama pazia zito litapunguza uniti za umeme wa LUKU zinazoliwa na AC. Litasaidia kidogo tu. Jua likishapita kwenye kioo, joto limeshaingia chumbani, na pazia lenyewe linageuka pasi. Lizuie huko huko nje. Kwa Dar, dirisha la kuhangaikia ni la magharibi, lile linalochomwa kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama.

Chukua jamvi au mkeka wa ukindu, ushonee fito juu na chini, uuning'inize nje ya nondo kwa kamba, uache nafasi ya kiganja ili upepo upite. Jioni unaukunja. Masika yatauozesha, ndiyo, lakini bei yake si ya kulilia.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kitu nje, kata boksi la friji litoshe kwenye fremu kabisa, gundisha foili, upande unaong'aa utazame jua. Foili usiibandike kwenye kioo chenyewe. Kioo kikipata moto sehemu moja kinaweza kupasuka. Na uzibe ule upenyo wa chini ya mlango, baridi yote inakimbilia pale.