Jack the Ripper: usitaje mshukiwa kabla hujajua waraka uliandikwa kwa nini

Mkuu, umeuliza: kama polisi wa London walikuwa na majina matatu ya washukiwa, kwa nini hawakumfikisha yeyote mahakamani? Je, walikuwa wanamlinda mkubwa fulani? Nimefanya kazi ya upelelezi hadi nikastaafu, na nyaraka za mauaji ya 1888 ya Whitechapel, mashariki mwa London, ambayo muuaji wake hakujulikana na akapewa jina Jack the Ripper, nimezisoma kwa jicho hilo. Majina yale hayakuandikwa ili kumkamata mtu.

Aliyeyaandika ni Melville Macnaghten, ofisa wa ngazi ya juu wa polisi wa London. Aliingia polisi Juni 1889, miezi saba baada ya kuuawa Mary Jane Kelly, wa mwisho kati ya wanawake watano wanaohesabiwa kuuawa na muuaji huyo. Februari 1894 gazeti la The Sun likadai kwamba muuaji ni Thomas Cutbush, mgonjwa wa akili aliyeshtakiwa kwa kushambulia wanawake kwa kisu. Macnaghten akaandika waraka wa ndani kujibu, na humo humo anasema Cutbush ni mpwa wa ofisa wa polisi mstaafu. Hoja yake ni kwamba yeyote kati ya hawa watatu, Druitt, Kosminski na Ostrog, anashukika kuliko Cutbush. Tena kabla ya kuwataja anakiri kuwa hapakupatikana ushahidi dhidi ya mtu yeyote.

Aliyekaa ofisi za upelelezi anaijua hali hii. Gazeti likitoka asubuhi, afande anaita jalada na anataka maelezo mezani kabla ya jioni. Nimeyaandika maelezo ya aina hiyo. Unaokota kilicho karibu, unamalizia kwa kumbukumbu. Ndiyo maana Druitt anaitwa daktari wa miaka 41, kumbe alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31, aliyeopolewa mto Thames 31 Desemba 1888. Ostrog, tapeli wa siku nyingi, baadaye ilibainika alikuwa mikononi mwa vyombo vya sheria Ufaransa wakati wa mauaji.

Kama unatafuta polisi walikuwa wanahofia nini, angalia usiku wa 30 Septemba. Catherine Eddowes, mmoja wa wale watano, ameuawa Mitre Square. Saa 8:55 usiku konstebo Alfred Long anaokota mtaa wa Goulston kipande cha aproni yake chenye damu, na juu yake ukutani kuna maandishi ya chaki yanayowataja Wayahudi. Wapelelezi wa polisi wa City, kikosi tofauti cha katikati ya London, wanataka yapigwe picha. Charles Warren, kamishna wa polisi wa London, anafika mwenyewe na kuamuru yafutwe kabla hakujapambazuka. Ilikuwa Jumapili, siku ya soko, na watu walikuwa karibu kufurika mitaa ile. Wiki chache nyuma Wayahudi walishatukanwa na kutishwa barabarani, na fundi wa viatu Myahudi, John Pizer, alikamatwa kwa kushukiwa kisha akaachiwa. Kama mpelelezi, kufutwa kwa kielelezo kile kunaniuma hadi leo. Lakini Warren aliogopa ghasia, na sababu hiyo aliiandikia serikali waziwazi. Hapo sioni mtu anayefichwa.

Wakubwa wenyewe hawakukubaliana. Mkaguzi Frederick Abberline, aliyetembea mitaa ile akichunguza mauaji, mwaka 1903 alimtaja George Chapman, aliyenyongwa kwa kuua wanawake kwa sumu, na akasema hakuna cha kumfunga Druitt zaidi ya kufa wakati ule. Robert Anderson, mkuu wa idara ya upelelezi, alishikilia kuwa ni Myahudi wa Poland. Donald Swanson, mkaguzi mkuu wa kesi hiyo, akaongeza jina Kosminski kwa penseli pembeni mwa kitabu cha Anderson, akisema alikufa muda mfupi baada ya kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Aaron Kosminski tunayemjua aliishi hadi 1919.

Kuhusu ile shali inayodaiwa kuwa ya Eddowes, ambayo vipimo vyake vya DNA vilidaiwa kumuonyesha Kosminski, soma orodha ya vitu vya Eddowes. Polisi waliandika kikopo cha chai, kikopo cha sukari, vipande sita vya sabuni, hadi risiti za kuweka vitu rehani. Shali haimo.