Kisiki cha mathenge hakifi kwa chumvi, na makaa hayatakuokoa

SWALI: Habari yako, mtaalamu. Nina ekari nne karibu na Marigat, Baringo. Miaka mitatu iliyopita nilimruhusu mchoma makaa akate miti yote ya mathenge shambani, yeye achukue makaa, mimi nibaki na ardhi. Sasa imeota tena na ni kichaka kizito kuliko kile cha kwanza. Hata mbuzi hawapiti. Jirani ananishauri nimwage oili chafu na chumvi kwenye visiki. Kuna kijana pia anauza dawa ya chupa, anasema inakausha hadi mizizi. Nifuate lipi?

JIBU: Ndugu yangu, usifuate lolote kati ya hayo.

Oili chafu itaharibu udongo wako bila kuyafikia macho ya mti, yaani sehemu zinazotoa machipukizi, kwa maana yamejificha ardhini. Chumvi ndiyo mbaya zaidi. Mathenge unastahimili ardhi ya chumvi kuliko karibu kila kitu unachoweza kupanda Baringo. Kuna nchi ambako hupandwa makusudi kwenye udongo wa aina hiyo. Ukimwaga chumvi utaua nyasi, na nyasi hizo utazihitaji sana, kama nitakavyoeleza. Na huyo kijana mwambie akuonyeshe nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili viuatilifu, kwenye chupa yake, jina la kiambato na kipimo. Kama hana, mwache aende zake. Inaniuma kuona chupa hizi zikiuzwa kwa watu waliokwisha kupoteza malisho, tena kwa pesa waliyoipata kwa kuuza mbuzi.

Lakini kilichokuletea msitu huo mzito ni makaa, na hapo ndipo nataka tukae kidogo. Kila mahali ninakoulizwa kuhusu mti huu, Turkana, Tana River au Garissa, nasikia kauli ileile: ukateni, muutumie, utaisha wenyewe. Imesemwa kwenye warsha na mikutano ya hadhara mpaka watu wanaiamini kama sheria ya maumbile. Si kweli. Mathenge unapokatwa juu ya ardhi hauna sababu ya kufa. Macho yake ya kuchipulia yamezunguka shina, mengine yakiwa chini ya uso wa udongo, na mizizi yake inaendelea kunywa maji ya kina ambacho mti wa kawaida haufiki. Shina moja likiondoka, hutoka machipukizi mengi. Mchoma makaa naye huchagua mashina manene, hukata pale panga linapofika kwa urahisi, na yale membamba huyaacha kwa sababu hayamlipi. Kwa hiyo alipoondoka kwako, shamba lilikuwa limepogolewa tu. Tena mtu anayekula kutokana na mti hana haraka ya kuumaliza. Hilo nalielewa na simlaumu, bali nawalaumu wanaoiita biashara hiyo udhibiti. Katika jimbo la Afar, Ethiopia, vyama vya ushirika viliruhusiwa kuchoma makaa ya mti huuhuu, na migunga ikakatwa pamoja nao. Leo mathenge umefunika zaidi ya hekta milioni moja huko.

Sasa shamba lako. Kisiki lazima kikatwe chini ya macho hayo, yaani sentimita 10 hadi 30 chini ya uso wa udongo, kutegemea unene wa shina. Chimba kukizunguka kwa sururu na jembe, katia hapo chini kwa shoka, kisha toa kipande chote. Fanya hivyo udongo ukiwa bado na unyevu baada ya mvua. Ni kazi nzito, na ekari nne hutazimaliza msimu mmoja, basi anza upande wenye miti michache uelekee penye kichaka, wala usianzie katikati. Kama una uwezo wa kununua dawa iliyosajiliwa, uliza yenye kiambato cha triclopyr, kiua magugu cha miti. Nchini Australia huchanganywa na dizeli na kupakwa kuzunguka shina lote kwenda chini, au juu ya kisiki mara tu baada ya kukata. Kunyunyizia majani ya mti mkubwa ni kupoteza pesa. Moto nao huua miche midogo, lakini mti uliokomaa huchipua tena.

Baada ya hapo usiache ardhi wazi. Mbegu za mathenge hudumu udongoni kwa miaka mingi, na mvua ya kwanza itakuletea miche kama zulia. Ing'oe ingali midogo, na upande nyasi palepale. Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba zinafaa sana Baringo. Nyasi zikifunga vizuri, mche wa mathenge hupata shida kuinuka.

Mifugo je? Mbuzi akila maganda ya mathenge, mbegu humpitia tumboni zikiwa hai na kuanguka shambani zikiwa na mbolea yake. Mifugo iliyotoka kwenye maganda ifungiwe kama wiki moja kabla ya kuingia kwenye nyasi mpya. Maganda yaliyosagwa hadi mbegu ikavunjika ni chakula kizuri, ila yachanganywe na vingine. Maganda mazima yana sukari nyingi na huozesha meno ya mbuzi. Jamii ya Ilchamus ya hapo Baringo ilipoishtaki serikali mwaka 2006 kwa sababu ya mti huu, mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani kama ushahidi. Mwaka 2008 mti ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Kumbukeni pia ulivyofika. Ulipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973 ili kurudisha mimea kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, na Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema, ili watu wapate kuni na upepo usipeperushe udongo. Ulisifiwa kwa kukua haraka, kuvumilia ukame na kutoliwa majani na mbuzi. Ndizo sifa zilezile ninazozisikia leo kwa kila mche wa ajabu unaogawiwa bure kwenye maeneo kame. Kabla hujaupokea, muulize anayegawa: mbegu zake husambazwa na nani, ukikatwa unachipua, na nani atalipia kuung'oa? Kama hana jibu, mrudishie mche wake.

Na kwa wenzetu ambao bado wana mti mmoja tu wa kivuli kando ya kisima, iwe Kajiado, Samburu, au kule Kahe karibu na Moshi ambako huitwa mrashia: ung'oeni mwezi huu, kabla maganda hayajaiva.