Homa ya Bonde la Ufa: Mbona Mbuzi Ana Chanjo na Mimi Sina?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina bucha hapa Eastleigh na mbuzi wangu hutoka Garissa. Mvua ikizidi huko, tunaonywa kuhusu homa ya Bonde la Ufa. Mifugo huchanjwa, mbona sisi hatuna chanjo, ilhali homa ya manjano, ambayo nayo huletwa na mbu, ina chanjo tangu zamani?
Msomaji, Eastleigh, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, virusi hivi vimejulikana tangu 1931, vilipotambuliwa karibu na Ziwa Naivasha, kwa hiyo muda haukukosekana. Kikwazo kikubwa ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, ambayo huweza kubeba virusi, hukaa katika udongo mkavu kwa miaka mpaka mafuriko yayafikie, ndipo maradhi yazuke ghafla, kama yalivyozuka Garissa mwishoni mwa 2006, yakaua zaidi ya watu 150 nchini, kisha yakatoweka baada ya miezi michache. Ili kuthibitisha kwamba chanjo inakinga, ni lazima waliochanjwa walinganishwe na wasiochanjwa mahali ambapo watu wanaugua, na mtafiti anapomaliza kutafuta vibali huenda mlipuko umekwisha. Kampuni nazo, tuseme ukweli, hazikimbilii bidhaa ambayo mnunuzi wake ni mfugaji.

Chanjo ya mifugo iliyozoeleka, iitwayo Smithburn, ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Hukinga kwa dozi moja, lakini kondoo mwenye mimba huweza kuitoa, na hatari ya namna hiyo haiwezi kukubaliwa kwa binadamu. Chanjo ya homa ya manjano, iliyompatia Max Theiler Tuzo ya Nobel mwaka wa 1951, imetokana pia na virusi hai, ila vyake vilidhoofika vizuri zaidi.

Linalotia moyo ni chanjo ambayo Mkenya George Warimwe ni miongoni mwa waanzilishi wake. Hutumia virusi vya sokwe visivyoweza kuzaana mwilini, vilivyopachikwa jeni za virusi vya homa hii. Kondoo na mbuzi wenye mimba walichanjwa nayo bila kuzitoa, na kundi dogo la watu wazima nchini Uingereza lilipata kingamwili.

Kwako wewe, hata hivyo, damu ya mnyama mgonjwa ni hatari kuliko mbu. Vaa glavu unapochinja, usipokee nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, na uwahimize wanaokuuzia wachanje mapema, kabla ya mvua, kwa sababu sindano moja ikizungushwa kundi zima wakati wa mlipuko huweza kusambaza virusi.