Laptopu ya bei mbaya: ninunue au nitulie na niliyonayo?

Swali linaloongoza siku hizi ni moja, ila kila mtu analiuliza kwa namna yake: nimeiona laptopu mpya, nimeipenda, bei yake inatisha, je, inastahili? Nimeweka pamoja yale yanayowagusa wengi na kuyajibu moja baada ya jingine.

Habari za kazi, kaka. Mimi ni mhasibu. Laptopu yangu ina miaka minane. Nikiiwasha asubuhi naoga, navaa, narudi, bado haijafunguka. Nimepania kununua mpya inayolingana na mishahara yangu miwili. Niende?

Usiende kwanza, dada. Kesho fanya kazi zako kama kawaida, fungua majedwali yako yote na kivinjari chenye kurasa zako zote, na mashine ikianza kuganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Tazama prosesa (ubongo wa mashine), kumbukumbu ya muda iitwayo RAM, na diski inayohifadhi mafaili. Iliyofika asilimia 100 na kung'ang'ania hapo ndiyo inayokula muda wako, na ndiyo inayostahili hela yako.

Kwa dalili ulizonieleza, shaka yangu yote iko kwenye diski. Laptopu nyingi za umri huo ziliuzwa na diski kuu ya kuzunguka, yenye sahani ndani na mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta data. Kila safari ya mkono huo huchukua milisekunde 10 hivi au zaidi. Unaweza kuona ni muda mdogo, lakini Windows inapowaka huita mafaili madogo madogo kwa maelfu, na kila moja linangoja zamu yake. SSD, diski ya kisasa ya chipu tupu, haina kinachozunguka, inaifikia data kwa sehemu ya kumi tu ya milisekunde. Ndiyo maana mashine ileile, prosesa ileile, ikibadilishwa diski peke yake huwaka kwa sekunde badala ya dakika. Nimeshuhudia mara nyingi mno, na bado kila mara namfurahia mwenye mashine anapoketi mbele yake tena.

Wakati kifuniko kiko wazi, mwambie fundi aitazame feni. Juzi nilifungua laptopu ya jirani yangu aliyekwisha kuikatia tamaa. Nilitoa skrubu za chini, nikakinyanyua kifuniko taratibu, na pale feni inapopulizia kwenye mapezi ya shaba nikakuta vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Nililivuta kwa kibanio likatoka zima, na michirizi ya mapezi imejichora juu yake. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Jirani yangu alikuwa anasema mashine imezeeka, kumbe ilikuwa imezibwa pumzi.

SSD, usafi wa ndani, na RAM kidogo kama nafasi ya kuongeza ipo, vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya. Hifadhi nakala za hesabu zako kwingine kabla fundi hajagusa chochote. Lakini kama utakuta SSD imo tayari, feni ni safi, na prosesa bado inasota asilimia 100 mchana kutwa, hapo nunua wala usijilaumu.

Muuzaji ananiambia i7 ni bora kuliko i5 siku zote, niongeze hela. Ni kweli?

Si kweli. Jina hilo peke yake halisemi kitu mpaka usome tarakimu na herufi zinazofuata. Chukua mfano wa prosesa mbili za Intel: i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili (sehemu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja), na i5-8250U iliyotoka mwaka uliofuata ina viini vinne. Anayelipia i7 hiyo kwa sababu ya jina anakuwa amelipa zaidi apate kidogo. Herufi ya mwisho nayo ina uzito: U ni ya kutunza chaji, H ni ya nguvu nyingi na joto jingi. H ikitiwa kwenye bodi nyembamba yenye feni dhaifu itakimbia dakika chache kisha ipunguze mwendo. Mwambie muuzaji akuandikie jina kamili la prosesa, uende nalo nyumbani, ulinganishe kwa utulivu.

Binti yangu anaanza masomo ya usanifu majengo na ameomba MacBook. Nina uwezo wa kununua, ila sitaki kununua mara mbili.

Mzee wangu, kabla ya hela, omba chuo orodha ya programu watakazotumia. Revit, ambayo wasanifu wengi hufundishwa, inatengenezewa Windows tu. Zamani mtu aliweza kuweka Windows kwenye Mac kwa njia ya Boot Camp, lakini Mac zenye chipu za Apple zenyewe, zilizoanza kutoka Novemba 2020, hazina njia hiyo. AutoCAD, SketchUp na Archicad zina matoleo ya Mac, kwa hiyo jibu linategemea orodha ya chuo chake.

MacBook ni mashine nzuri sana, betri yake hukaa na skrini yake haichoshi macho. Lakini mwanafunzi asiyeweza kufungua faili la mwalimu wake ana mzigo tu begani. Zungumza na binti yako, mweleze sababu, muitazame orodha pamoja. Akielewa, atachagua mwenyewe vizuri kuliko wewe na mimi.

Kuna laptopu "za akili mnemba" zinazouzwa ghali. Nisiponunua nitaachwa nyuma?

Hutaachwa. Lebo ya Microsoft iitwayo Copilot+, iliyoanza Juni 2024, ina maana kwamba mashine ina RAM ya angalau GB 16, hifadhi ya angalau GB 256, na kitengo maalumu cha akili mnemba kinachoweza kufanya angalau operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Ni sifa za kweli. Ila huduma za akili mnemba ambazo watu wengi wanazitumia kila siku zinafanya kazi kwenye seva za mbali. Laptopu yako inabeba maandishi tu kwenda na kurudi, na kivinjari kinatosha. Ukinunua kwa sababu ya RAM hiyo, sawa. Kwa sababu ya lebo, hapana.

Windows 10 imeshafika mwisho. Ndiyo kusema lazima ninunue mpya?

Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wakaweka mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Mashine haizimiki, ila bila masasisho ya usalama kila tundu jipya linalogunduliwa linabaki wazi, na mimi nisingefanyia miamala ya benki humo.

Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea. Mara nyingi TPM ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na watu wametupa mashine nzima kwa ajili ya swichi moja. Pakua programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, itakwambia unachokosa. Ukigonga mwamba kabisa, na kazi zako ni kuandika na kuvinjari, Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, ni ya bure na ina heshima zake.

Nahariri video kwa malipo. Kurenda video ya saa moja, yaani kutoa faili lililokamilika, kwenye laptopu yangu ni kuiacha usiku kucha na kuomba umeme usikatike. Nimeona mashine ya bei mbaya sana. Nisubiri?

Usisubiri. Wewe ndiye mtu ambaye mashine hizo zilitengenezwa kwa ajili yake.

Ila fanya hesabu kwanza, ununue kwa uhakika badala ya kununua kwa hamu. Kwa wiki moja weka daftari kando ya kibodi na uandike kila dakika unayoisubiri mashine. Tuseme zinafika saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni saa 10 kila wiki, zaidi ya 500 kwa mwaka. Kisha jiulize ungezifanyia nini. Kama ungechukua wateja wengine, gawanya bei ya mashine kwa faida ya kazi moja uone inajilipa baada ya kazi ngapi. Kama wateja wa ziada hawapo, saa hizo bado ni zako na watoto wako, na hilo nalo lina thamani ingawa halina risiti.

Sasa, hela iende wapi? Kwenye kadi ya picha kwanza, kwa sababu ndani yake mna sehemu maalumu ya kusimba na kusimbua video, yaani kuibana na kuifungua. RAM iwe GB 32 kama bei inaruhusu. Halafu mfumo wa kupooza: MacBook Air, kwa mfano, ni nyepesi na haina feni kabisa tangu ilipoingia chipu ya Apple ya M1, kwa hiyo ikipewa kazi ndefu hupunguza kasi. Kazi yako ni ndefu, hivyo tafuta mashine yenye feni. Na skrini usiisahau. Skrini nyingi za bei ya chini huonyesha asilimia 45 tu ya rangi za kipimo cha NTSC. Utarekebisha rangi ya ngozi ya mtu mpaka uridhike, mteja aifungue kwenye simu yake akute uso umekolea wekundu. Tafuta inayofikia asilimia 100 ya sRGB, kipimo kingine cha rangi, au karibu yake.

Wakati unakusanya hela, tumia proksi: nakala nyepesi za video unazohariria, kisha programu inarudi kwenye mafaili halisi wakati wa kurenda. Usiku wa kurenda hautapungua, lakini mchana wako utapumua.

Kati ya laptopu mpya ya bei nafuu na ya kiofisi iliyotumika, kwa hela ileile, nichukue ipi?

Kwa hela ileile nachukua ya kiofisi iliyotumika, mara tisa kati ya kumi. ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude za Dell, EliteBook za HP: hizi ziliundwa kwa makampuni yanayodai mashine ivumilie miaka ya mfanyakazi kuibeba, kuiweka na kuifungua. Bawaba zake ni imara, kibodi hupatikana kama kipuri, na fundi anaifungua bila kuvunja vishikizo. Mpya ya bei nafuu mara nyingi imebana hela hapohapo pasipoonekana dukani.

Lakini ikague kwa mikono yako. Fungua na kufunga kioo polepole ukiisikiliza bawaba. Mlio wa kukwaruza ni dalili ya ufa unaokuja. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Chomeka kitu kwenye kila tundu, na tundu la chaja litikise kidogo uone kama chaji inakatika. Ingia BIOS uhakikishe haina nywila ya kampuni ilikotoka. Kama ni MacBook, hakikisha mmiliki wa zamani ameiondoa kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, la sivyo siku utakapoifuta itajifunga na hutaifungua.

Kisha betri. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter, na faili la ripoti litatengenezwa. Linganisha DESIGN CAPACITY, yaani uwezo iliozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao. Ikiwa ilizaliwa na 50,000 na sasa inajaza 28,000, umebakiwa na asilimia 56. Si sababu ya kuikataa, ni sababu ya kudai punguzo la bei ya betri mpya.

RAM ya GB 8 au 16? Tofauti ya bei inaniuma.

Uliza kwanza kama inaongezeka. Laptopu nyingi nyembamba siku hizi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, na ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Ikiwa imechomelewa, chukua 16 hata kama itabidi ungoje miezi miwili zaidi. Oktoba 2024 Apple wenyewe walipandisha kiwango cha chini cha MacBook Air kutoka GB 8 hadi 16. Ikiwa kuna nafasi ya kuongeza, anza na 8 kwa amani.

Nichukue kwa mkopo?

Kama mashine itakuingizia hela ya kulipa rejesho, na umeshaipiga hesabu kama yule mhariri, ndiyo. Kama ni ya kutazamia filamu, hapana.

Nimeshanunua, wiki iliyopita, ghali. Sasa silali nikiwaza kama nilikosea.

Ndugu yangu, usiku huu usiutumie kusoma sifa za mashine nyingine, utumie kuikagua hiyo hiyo wakati muda wa kuirudisha bado upo. Fungua picha nyeupe tupu ijae skrini nzima, kisha nyeusi, kisha nyekundu, utafute nukta iliyokufa. Ichaji hadi ijae, fanya kazi zako za siku bila chaja, andika saa ilipozimika. Ipe kazi nzito kuliko zote ulizo nazo kwa nusu saa, uweke kiganja juu ya kibodi uone kama joto linavumilika na kama kasi inabaki palepale. Piga simu moja ya video usikie kama sauti yako inafika. Risiti na kasha viweke pamoja, kasha usilichane.

Ukikuta kasoro, irudishe kesho asubuhi.