Gari na Fundi: Nishushe rimu kutoka 18 hadi 16 sababu ya winta?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Mi naishi Bonn, Ujerumani, nina Golf 7 tumeinunua mwezi wa nne, imekuja na rimu za 18 na tairi za kiangazi 225/40. Gari inapendeza kweli lakini ukikanyaga kashimo kidogo tu mgongo unajua. Sasa winta inakaribia, shemeji yako anasema tununue seti ya rimu 16 tuzivalishe tairi za misimu yote, tukae nazo mwaka mzima tuachane na habari ya kubadilisha kila mwezi wa kumi. Jirani yetu Mjerumani anasema tutapigwa faini, eti hizo siyo tairi za winta. Nani mkweli? Na rimu ndogo haitanichezea spidomita? Huwa naendesha mjini na kwenda kazini Köln, ila Disemba tunaenda kwa wifi yangu Austria, huko milimani Tirol.

JIBU: Marahaba dada. Shemeji yuko sahihi, na jirani naye hajakurupuka, ana sababu yake. Zamani Ujerumani tairi ikiandikwa tu M+S (yaani matope na theluji) ubavuni ilikuwa inatosha, polisi hakusemeshi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hiyo imekwisha. Sasa hivi wanataka ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati yake. Tairi ya misimu yote yenye hiyo alama kisheria ni tairi ya winta, isiyo nayo hata ikiwa mpya kabisa haihesabiki. Kwa hiyo ukienda dukani usianze na bei, chuchumaa uangalie ubavu wa tairi, ukiuona mlima endelea na maongezi, usipouona ondoka zako. Hasa kama unanunua seti iliyotumika, maana zile za M+S tupu bado watu wanaziuza bei ya kutupa na sababu unaijua sasa. Hapo hapo tafuta herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa, ukikuta 3516 ujue ni wiki ya 35 ya mwaka 2016, hiyo waachie wenyewe.

Faini yenyewe ni euro 60 na pointi moja ya makosa inaandikwa Flensburg, kwenye daftari la madereva, ukifunga njia kwa sababu umekwama inapanda hadi 80. Sheria haina tarehe, inasema tu barabara ikiwa na theluji, barafu au ile tope ya theluji basi uwe na tairi zinazofaa. Wajerumani wenyewe wanahesabu kuanzia Oktoba mpaka Pasaka na si vibaya kuwaiga.

Haya spidomita. Hapa watu wengi wanachanganya rimu na tairi zima. Rimu inapungua lakini ubavu wa tairi unaongezeka, kimo chote kinabaki karibu kile kile. Piga hesabu mwenyewe, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni ubavu kama asilimia ya huo upana, na R ni inchi za rimu: 225/40 R18 ina kimo cha milimita 637 hivi, 205/55 R16 inatoka 632, tofauti haifiki hata asilimia moja, spidomita itasoma juu kidogo mno ya mwendo wako na huo ndio upande salama. Balaa linakuja pale muuzaji anapokwambia "16 ni 16 tu dada" halafu anakufungia 205/45 R16, hiyo ni milimita 591, gari limeshuka, spidomita inadanganya, na ukipeleka ukaguzi wanakurudisha nyumbani.

Kwenye kadi ya gari ya Ujerumani utakuta saizi moja tu imeandikwa, usiogope, saizi zote zinazoruhusiwa ziko kwenye ile karatasi inayoitwa CoC, ya kiwandani. Ikiwemo 205/55 R16 humo, nunua. Kama hauna CoC nenda kwa wakala wa VW na namba ya chasisi. Hili usiliruke, kwa sababu Golf 7 hazifanani, nyingine zina diski kubwa za breki mbele na rimu ndogo inagusa kalipa, kile chuma kinachobana diski. Ndio maana sikushauri mshuke mpaka 15 hata kama ni rahisi zaidi, kuna Golf zinakubali na kuna zinazokataa, 16 inakubali kwenye nyingi isipokuwa zile za mbio kama GTI.

Ukinunua rimu kwa mtu, Golf yako ni 5 kwa 112, yaani matundu matano ya bolti kwenye duara la milimita 112, na tundu la katikati ni milimita 57.1. Rimu ya Mercedes nayo ni 5 kwa 112 lakini tundu lake la katikati ni 66.6, ukiivaa bila ringi ya kujazia usukani unatetemeka ukifika mia. Halafu bolti! Bolti za VW zile za asili, sehemu inayokalia rimu ni ya mviringo kama mpira, rimu nyingi za madukani zinataka bolti ya koni. Zinaingia zote, zinakaza zote, ila ile isiyo yake inalegea taratibu ukiwa autobani. Omba bolti zinazokuja na rimu.

Kuhusu raha yenyewe utaisikia siku ya kwanza, ubavu mrefu unameza mashimo na mgongo utatulia, na zile rimu 18 nzuri zitapumzika na chumvi wanayomwaga barabarani. Hasara ipo: kwenye kona gari litakuwa laini kidogo, na siku ya joto kali tairi ya misimu yote inachelewa kusimama ukilinganisha na ya kiangazi, na inaisha haraka. Kwa mtu wa Bonn na Köln, ambako theluji inakaa siku mbili inayeyuka, mi ningefanya anavyosema shemeji. Mngekuwa mnakaa Garmisch, huko milimani kusini, ningesema la.

Ila Tirol isikudanganye. Austria kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara ikiwa ya kiwinta wanataka kashata za tairi (kina cha mifereji yake) zisipungue milimita 4, Ujerumani kisheria ni 1.6 tu, kwa hiyo tairi halali Bonn inaweza kuwa kipara mbele ya polisi wa Innsbruck. Beba minyororo pia, Golf inavutwa na tairi za mbele kwa hiyo inafungwa mbele, na kitabu cha gari kinasema saizi gani ya tairi inaruhusiwa minyororo. Jifunze kuifunga mkiwa nyumbani, siyo usiku kwenye mlima watoto wanalia.

Fundi akimaliza bolti zikazwe kwa spana ya kipimo hadi Nm 120, mkishatembea kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena. Upepo fuata kibandiko cha mlango wa dereva au kifuniko cha tangi, baridi inaupunguza, kama bar 0.1 kwa kila digrii 10. Golf 7 inapima upepo kwa kutumia sensa za ABS, zile za breki zinazosoma mzunguko wa magurudumu, haina haja ya kununua sensa za ndani ya tairi, ingia tu kwenye menyu useti upya.

SWALI: Jambo fundi, miye ni mtu wa Goma, niko Sherbrooke, Québec. Niko na Corolla ya 2015, tairi ni za misimu yote, zimeandikwa M+S. Rafiki anasema ninunue mbili tu za winta niweke mbele kwa sababu gari inavutia mbele. Inatosha?

JIBU: Haitoshi ndugu yangu. Québec hawana mchezo, tangu 1 Desemba hadi 15 Machi tairi zote nne ziwe na ule mlima na theluji, faini inaanzia dola 200. Na tairi za misimu yote za kwenu huko mara nyingi hazina huo mlima. Ukiweka mbili mbele, mbele patashika vizuri na nyuma patateleza, ukifunga breki kwenye kona mkia unakupita. Kama yako ni ya 205/55 R16, Corolla hiyo hiyo iliuzwa pia na 195/65 R15, kwa hiyo nunua seti ya rimu za chuma 15 na tairi kamili za winta, zinakuwa rahisi na nyembamba zinakata theluji vizuri. Weka miadi ya gereji mapema, Novemba mwishoni foleni yao siyo ya kawaida.