Maswali na majibu: Kivinjari hakikuonei

Sanduku la barua limejaa CORS tena, yaani heda ambazo seva hutoa kukiruhusu kivinjari kuupa ukurasa wa asili (origin) nyingine majibu yake. Nimechagua chache, zilizobaki ni mapacha wa hizi.

Ukurasa wangu uko localhost:3000, API iko localhost:8000, kompyuta ni ile ile. Mbona naambiwa asili ni tofauti?

Kwa sababu poti ni tofauti. Asili ni itifaki, jina la seva na poti. Kimoja kikibadilika, umehama. Hata http://localhost na http://127.0.0.1 ni asili mbili.

Postman inajibu vizuri, Chrome inakataa. Seva yangu ina tatizo gani?

Hili hunifikia kila mwezi. Postman ni programu ya kujaribia API, si kivinjari, na sheria ya kuuzuia ukurasa kusoma majibu ya asili nyingine ni ya vivinjari, tangu enzi za Netscape 2, katikati ya miaka ya 1990. Inamlinda mtumiaji: umeingia benki kwenye kichupo kimoja, tovuti ya ovyo uliyofungua kichupo cha pili isisome salio lako. CORS ndiyo namna ya seva kulegeza sheria hiyo kwa inayemwamini. Kwa hiyo yale maandishi mekundu kwenye konsoli yanakuambia seva haijatoa ruhusa, basi.

Na kwa kuwa hamjauliza, naongeza: CORS si ukuta wa kulinda seva. POST ya fomu ya kawaida hufika, seva huifanyia kazi, ndipo kivinjari kinamnyima aliyeituma kusoma jibu. Kama ilikuwa ya kufuta rekodi, rekodi imeshafutwa zamani. Anayetegemea CORS badala ya tokeni za CSRF (alama za siri zinazothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wako) atalia.

Nimeweka Access-Control-Allow-Origin kwenye heda za fetch, bado inagoma.

Hiyo ni heda ya jibu. Umejiandikia mwenyewe kibali cha kuingia nyumba ya mtu. Tena umeongeza tatizo, maana heda hiyo kwenye ombi inakilazimisha kivinjari kutanguliza OPTIONS, ombi la kuulizia ruhusa kwanza. Itoe.

mode: 'no-cors' imeondoa kosa, ila jibu ni tupu.

Ndivyo ulivyoomba: no-cors maana yake tuma ombi, jibu nisilisome.

Kaka, kiendelezi cha kuzima CORS kina ubaya gani? Natumia nikiwa natengeneza tu.

"Tu" hiyo naijua. Umekitibu kivinjari chako, na mteja wako wa Mwanza hana kiendelezi hicho. Utapandisha mfumo hewani Ijumaa jioni, Jumamosi simu zitalia, nawe utaapa kwamba kwako inafanya kazi. Kweli inafanya, kwa sababu kwako umeng'oa mlango. Usiku ukisahau kukizima, unaingia benki na kivinjari kisicho na kinga. Mnaoizima kinga hiyo kwa kuwasha Chrome na --disable-web-security, nanyi mmo humu humu.

Dawa ni proksi, yaani seva ya kati inayopokea ombi na kulipeleka kwenye API. Kwenye Vite (chombo cha kuendeshea ukurasa unapoutengeneza), fungua vite.config.js, weka chini ya server.proxy kwamba '/api' ielekezwe http://localhost:8000, kisha kwenye msimbo andika fetch('/api/wateja') bila jina la seva wala poti. Kivinjari kinaona asili moja na hakina la kusema. Ila proksi hiyo ni ya seva ya kutengenezea. Ukifanya build haiendi nawe. Huko hewani seva ya wavuti kama Nginx ifanye kazi hiyo hiyo, au API itoe heda zake. Watu wanasahau hapa kila siku, halafu wananiandikia mimi.

API yangu ni ya FastAPI (Python), CORSMiddleware, safu yake ya kuongeza heda za CORS, nimeiweka. Njia zote zinapita isipokuwa POST moja, inasema CORS.

Soma terminal, siyo konsoli. Nakuwekea dau kuna kosa la Python pale. Kosa usilolishika hukamatwa nje ya safu ya CORSMiddleware, hivyo jibu la 500 hutoka bila heda, na kivinjari kinailaumu CORS. Rekebisha msimbo wako.

Seva inarudisha nyota (Access-Control-Allow-Origin: *), lakini kuki haziendi.

Nyota na kuki havikai chungu kimoja. Itaje asili kwa jina, mfano http://localhost:5173, bila mkwaju mwishoni. Ongeza Access-Control-Allow-Credentials: true, na upande wa ukurasa credentials: 'include'. Usije ukaiga ule ujanja wa kurudisha Origin yoyote inayokuja pamoja na ruhusa ya kuki. Huo ni nyota iliyovaa kofia, na mbaya zaidi ya nyota.

Naita Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, moja kwa moja kutoka React, CORS inanizuia. Nipite wapi?

Usipite. Kama unaomba tokeni kutoka React, basi consumer secret yako (siri ya kuombea tokeni) imo ndani ya JavaScript ambayo yeyote anayefungua ukurasa anaweza kuisoma. CORS imekusitiri kwa bahati. React iongee na seva yako, seva yako iongee na Daraja, siri ikae kwenye seva. Na kama msimbo huo umeshawahi kupanda hewani au GitHub, badilisha funguo leo kabla hujagusa kitu kingine.